Mafuta Hujitenga na Maji, Hila Hujificha Ndani ya Maziwa

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ametuandikia ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani, aliyefungua duka dogo Dagoretti Corner, Nairobi, pale ichepukapo barabara ya Naivasha kutoka barabara ya Ngong. Huuza mafuta ya kupikia na maziwa. Asema kwamba baadhi ya wauzaji hutia maji katika maziwa yao, wakauza kwa bei ya chini, na wateja wake humkimbia. Auliza mambo mawili. Kwa nini maji yakitiwa katika mafuta hujitenga wazi, na yakitiwa katika maziwa hayaonekani? Na je, yeye naye akitia maji kidogo apate kushindana nao, ana dhambi?

Twaanza na la kwanza, kwani kuzijua kanuni alizoziweka Mola katika viumbe vyake ni jambo la kheri, na dini yetu haikupata kuwa adui wa elimu.

Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo 1. Lita ya mafuta ya nazi ni kama gramu 920, na lita ya asali ni kama gramu 1,400. Ukivimimina taratibu katika gilasi moja, asali itakaa chini, maji katikati, mafuta juu. Lakini uzito peke yake hautoshi. Asali na maji ukivikoroga huwa kitu kimoja, wala havitengani tena. Mafuta na maji, hata uyakoroge vipi, ukiyaacha kila kimoja hurudi mahali pake. Sababu ni kwamba chembe za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu, wala hazishikani hivyo na chembe za mafuta, basi mafuta husukumwa kando. Visivyopatana hutengana, kisha uzito ndio huamua kipi kikae juu.

Watu wa Malindi wanalijua jambo la karibu na hili. Wakati wa mvua maji mekundu ya mto Sabaki hutandaa juu ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Ila hayo ni maji kwa maji, na mawimbi huyachanganya mwishowe.

Maziwa nayo, kiasi cha sehemu 87 katika 100 ni maji. Basi maji ya bomba yakiingia humo huwa yamewakuta ndugu zao, wala hapana tabaka litakalojitenga likamfedhehi mwenye kuyatia. Lakini uzito hausemi uongo. Lita ya maziwa safi ni kama gramu 1,030. Ukitia sehemu moja ya maji katika kila sehemu tisa za maziwa, hushuka hadi 1,027, na kile kipimo kiitwacho laktomita, kieleacho ndani ya maziwa, huzama zaidi. Hata hivyo wajanja wamekwisha kuijua njia ya kukihadaa. Huondoa malai kwanza, maziwa yakazidi uzito, kisha hutia maji hata yakarudi pale pale. Hivyo kipimo husema kweli juu ya uzito, na mnunuzi hudhulumiwa mara mbili.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali la pili. Imepokewa na Imam Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono, akakuta chini pameloa na juu ni pakavu. Mwenyewe alipotoa udhuru wa mvua, Mtume alimuuliza mbona hakuiweka ile iliyoloa juu watu wakaiona, kisha akamkana kila mwenye kughushi. Hakulaumiwa kwa mvua, bali kwa kuficha. Basi kidogo na kingi ni hali moja, na kughushi kwa jirani hakuhalalishi kughushi kwako. Sheria ya Kenya nayo, Sura ya 254, yakataza kuuza chakula kilichoghushiwa.

Yasimuliwa pia juu ya binti aliyeamrishwa na mamaye kutia maji katika maziwa, kwa kuwa Khalifa Umar hawaoni. Binti akakataa, akasema kwamba ikiwa Umar hawaoni, Mola wa Umar awaona. Binti yule hakuwa na laktomita, wala hakuihitaji.

Nasaha yetu kwa ndugu yetu ni hii: aiweke laktomita juu ya meza yake, apime mbele ya kila mteja, na aseme wazi kama malai yameondolewa. Huenda akapungukiwa mwanzoni, nasi hatumdanganyi kwamba subira ni nyepesi. Lakini katika Sura ya Ra'd, aya ya 17, Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa povu lipandalo juu ya maji likapotea bure, na kiwafaacho watu kikabaki katika ardhi. Faida ya hila ni povu lile. Basi na asilionee wivu kwa kuliona limepanda juu.

Wabillahi taufiq.