Usawa wa Chungu na Haki ya Mlaji

Je, aliyempa mzee chakula amekwisha timiza wajibu wake? Swali hili laonekana jepesi mpaka tulipeleke mahali. Na tulipeleke Makanya, wilayani Same, penye mashamba ya mkonge na machimbo ya jasi, kwenye tambarare kavu chini ya milima ya Upare. Chakula kinachowatambulisha Wapare ni makande: mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Ni chakula chenye hekima, kwani protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huuziba, na ya maharage nayo hufidiwa na mahindi. Kijana atokaye shambani akila sahani moja hushiba na kupata nguvu.

Mpe sahani hiyo hiyo bibi wa miaka 85 asiye na meno. Ganda la hindi litamshinda. Atakunywa mchuzi, atasogeza sahani kando, na mpakuzi atajihesabia kwamba bibi amekula. Chungu kilikuwa sawa kwa wote. Walaji hawakuwa sawa. Aristotle alilitambua jambo hili zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alipomtaja Milo, bingwa wa mieleka: kiasi kisichomtosha Milo ni kingi mno kwa aanzaye mazoezi. Basi haki haipimwi kwa upawa, hupimwa kwa mlaji.

Mazoea nayo hutudanganya. Twadhani mzee, kwa kuwa hafanyi kazi nzito, uji mwepesi wamtosha. Walakini wataalamu wa lishe hupendekeza apate protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, ilhali mtu mzima wa kawaida hukadiriwa gramu 0.8, kwa sababu misuli ya uzeeni hujengeka kwa shida. Hata kiu humpungua, akakaukiwa na maji asiombe.

Jambo hili huzidi uzito katika makazi ya wazee, kama yale ya Njoro mkoani Kilimanjaro au Welezo kwetu Unguja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyaweka makazi kuwa njia ya mwisho, familia na jamii zikishindwa. Afikaye huko aghalabu amekwisha kupungukiwa na watu waijuao ladha aipendayo.

Patakuwa na wa kusema: mpishi mmoja, wazee wengi, fedha haba. Hoja hii ni ya kweli. Lakini kuyaroweka mahindi yaliyokobolewa usiku kucha, kuyapika yakaiva barabara, kisha kuyaponda na kuyatia karanga zilizosagwa, kwadai muda zaidi ya fedha. Wala kuponda hakumshushi mtu hadhi: sisi wa pwani twaliponda bokoboko na kumwandalia mgeni wa heshima siku ya sikukuu. Kinachomvunjia mzee heshima ni kupondewa bila kuulizwa, na kusukumiwa kijiko cha pili kabla hajameza cha kwanza. Na hilo ni hatari pia, kwani chakula chaweza kumpalia.

Kumlisha mtu, basi, ni kumjua. Atakaye kuipima haki ya makazi yoyote ya wazee, na aitazame sahani inaporudi jikoni.