Bei ya Mkonga na Dhamiri ya Mnunuzi

Fundi anayeijua kazi yake hakimbilii injini. Kwanza analala chini ya gari, tochi mkononi, na kuigonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma huku akitega sikio. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu sauti yake hufifia. Anatafuta pia mahali palipochomelewa kisha pakafunikwa kwa rangi nyeusi. Akiinuka anafungua kifuniko cha oili. Ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi lazima iangaliwe. Mwisho anatazama raba za pedeli. Mita ikisoma kilomita 90,000 ilhali raba ya klachi imelika hadi chuma kinaonekana, mmoja kati ya mashahidi hao wawili anadanganya, na raba haina sababu ya kudanganya.

Ukaguzi wa namna hii unafanyika kila siku Arusha, Nairobi na kwingineko ambako Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinauzwa mkono wa pili. Toyota ilianza kuziunda mwaka 1984. Watanzania huziita mkonga, kwa sababu ya lile bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Nyingi zina injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na tabo, ambayo fundi wa mji mdogo anaweza kuifungua kwa spana zake mwenyewe. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika likiwa limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Tanzania huyaongezea ushuru magari ya zamani. Matokeo yake, mkonga ulioko tayari nchini unashikilia bei hata ukiwa na miaka ishirini, na anayetaka gari la shamba, la utalii au la kupita matope ya Ngorongoro wakati wa masika yuko tayari kulipa.

Katika biashara hii swali la haki limezoea kumwelekea muuzaji, na hapo dini na sheria hazijasitasita. Waislamu wanakijua kisa cha Mtume Muhammad aliyepita sokoni Madina, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka na kukuta chini imelowa. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akatamka kwamba mdanganyifu si katika kundi lake. Mafakihi wakajenga juu ya mafundisho ya aina hiyo haki ya mnunuzi kuirudisha mali yenye kasoro iliyofichwa. Warumi nao waliwataka wauzaji wa wanyama wa kazi wazitaje kasoro za wanyama hao sokoni. Anayerudisha mita nyuma, au anayepaka rangi juu ya chesisi iliyopasuka, hana msikiti wala kanisa la kumtetea.

Mwanauchumi George Akerlof alionyesha mwaka 1970 kwamba uongo huo hauishii kwa aliyeibiwa. Alitumia mfano huuhuu wa magari yaliyotumika. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya katikati ili ajikinge; mwenye gari zima huona bei hiyo inampunja na kuliondoa sokoni; yanayobaki ni mabovu, na bei inashuka tena. Makala yake ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kuchapishwa, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliogawana Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kila anayeuza mkonga uliotunzwa vizuri analipishwa uongo wa watu asiowajua.

Lakini mnunuzi je?

Tuseme kuna mjane Karatu. Mkonga wa marehemu mumewe umekaa uani miaka miwili chini ya turubai, na ada za watoto shuleni zimefika. Hajui gari hilo lina thamani gani. Amesikia jirani aliuza lake kwa kiasi fulani, anataja hichohicho, asijue kwamba la jirani lilikuwa Suzuki ndogo. Mnunuzi amekuja na fundi. Fundi ametoka chini ya gari na kumnong’oneza kwamba chesisi ni nzima, injini haijawahi kufunguliwa, na hata zikihesabiwa tairi zilizokauka na betri iliyokufa, linafika mara mbili ya bei iliyotajwa. Je, mnunuzi atoe fedha na kuondoka?

Wengi watajibu bila kusita kwamba atoe. Hakudanganya, bei kaitaja mwenyewe mwenye mali, na kujua bei ni kazi ya kila mmoja. Hoja hii ina ukoo mrefu. Mwandishi wa Kirumi Cicero, akiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoiki juu ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Aleksandria hadi Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba meli nyingine za nafaka ziko njiani. Diogenes wa Babeli alisema kunyamaza si kudanganya. Antipater wa Tarso alisema watu wa Rhodes wana haki ya kujua. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater.

Mwanateolojia Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alimwacha mfanyabiashara yule wa nafaka aende zake: haki haimlazimishi kutangaza habari za meli nyingine, ingawa akitangaza atakuwa amefanya wema mkubwa zaidi. Katika jambo kama la mjane, hata hivyo, hakulegeza. Alisema muuzaji akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akalitambua hilo, mnunuzi amenunua kwa dhuluma na anapaswa kurudisha. Tofauti inaeleweka. Habari za meli ni za kesho, na kesho inaweza kubadilika. Chesisi iliyogongwa kwa nyundo ipo leo, mbele ya macho, na mmoja anaijua huku mwenzake haijui.

Sheria ya Kiislamu nayo ilimfikiria muuzaji asiyejua bei. Mtume alikataza watu wa mjini kuwatokea njiani wasafiri wanaoleta bidhaa kabla hawajafika sokoni, na katika mapokezi ya mwanahadithi Muslim, mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuvunja mauzo hayo. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali wakaenda mbali zaidi: mtu asiyejua bei wala kupatana, akipunjwa kupita kiasi, ana haki ya kurejea. Mnunuzi anayewahi Karatu alfajiri kabla mjane hajaongea na mtu mwingine yeyote anafanya kilekile walichokatazwa wale waliotoka mjini kuipokea misafara.

Kuna kisa cha sahaba Jarir bin Abdullah, kilichopokewa na Tabarani, kinachoshinda hoja zote kwa uzito. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir akamwendea mwenye farasi, akamwambia mnyama wake ana thamani kubwa kuliko hiyo, akapandisha hadi 400, akaendelea kupandisha mpaka ikafika 800, na ndiyo aliyolipa. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Farasi wa siku zile ndiye aliyepita pasipopitika, na sokoni alipimwa miguu na meno kama mkonga unavyopimwa chesisi na oili. Jarir hakushtakiwa na yeyote, na mwenye farasi alikuwa ameridhika na 300.

Ridhaa hiyo ndiyo kiini cha ubishi. Mtu aliyeridhika kwa kutojua ameridhika na kitu gani hasa? Mjane wa Karatu hakukubali kuuza gari zima kwa nusu bei. Alikubali kuuza gari analodhani linastahili kiasi hicho. Na pale ambapo anaijua bei, ila ada imemkaba, Aquinas ana neno jingine lenye nguvu. Alifundisha kwamba muuzaji hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida, maana shida hiyo si mali ya muuzaji hata aiuze. Kanuni hiyo ikigeuzwa inamfunga mnunuzi pia. Anaruhusiwa kushusha bei kwa ajili ya tairi, betri, kutu, na hatari ya gari lililolala muda mrefu, kwa kuwa hayo yamo ndani ya gari. Msiba haumo ndani ya gari.

Dalali naye hawezi kuachwa nje. Mjane anaambiwa bei moja, mnunuzi nyingine, na cha juu kinaingia mfukoni kimyakimya. Bukhari amepokea kisa cha Urwa al-Bariqi, aliyepewa dinari moja na Mtume amnunulie kondoo. Alinunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake, akaombewa baraka katika biashara. Ustadi wake ulimfaidi aliyemtuma. Dalali anastahili ujira, na jasho lake ni halali, ila ujira huo utajwe mbele ya wote wawili.

Hakuna katika haya linalomlazimisha mnunuzi kulipa zaidi ya thamani au kutoa sadaka kwa jina la biashara. Anaweza kupatana kwa nguvu zake zote juu ya kila kasoro iliyoonekana. Anayekwenda kuona gari la namna hii basi amsomee mwenye mali alichokikuta fundi, kizuri na kibaya, na amwombe aulize bei kwa watu wawili wengine kabla ya kupokea hata shilingi. Kasoro zilizokubaliwa ziandikwe kwenye mkataba wa mauziano, namba ya chesisi ilinganishwe na ya kwenye kadi, na fedha zipitie benki. Mjane akiuliza na bado akachagua kuuza kwa bei ileile, mnunuzi alichukue gari lake. Amelinunua kwa haki.