Madini Ardhini ni Mali ya Nani?

Katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, yangalipo malungu, yaani matanuri ya udongo yapitayo kimo cha mtu, ambamo Wafipa wa kale walitoa chuma katika mawe ya nchi yao. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe.

Hebu tuulize: chuma kile kilikuwa mali ya nani? Wengi watajibu, ya aliyekichimba. Jawabu hilo si la kupuuzwa, kwani jiwe halilimi shamba mpaka mtu atoe jasho. Mwenye jasho anastahili ujira wake kamili, na kumpunja ni dhuluma.

Lakini jasho lile lilifanya nini? Lilikitoa chuma, halikukiumba. Mvua za zama nyingi ndizo zilizoyeyusha na kuchukua vitu vingine, zikaacha chuma katika udongo mwekundu, kabla mchimbaji hajazaliwa.

Mfano wa pili uko bondeni. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba katika Bonde la Rukwa imo gesi ya heliamu, ambayo hupoza sumaku za mashine kubwa za kupimia wagonjwa. Gesi hiyo huzaliwa polepole kadiri urani na thori zilizomo katika miamba ya kale zinavyochakaa; kisha joto la ardhini huifungua, ikapanda. Ikiponyoka angani hupotea, wala hairudi. Kilichotungwa kwa mamilioni ya miaka chaweza kwisha katika umri wa mtu mmoja.

Basi, ikiwa hakuna mtu aliyekiumba kitu, na akikimaliza mmoja hakibaki kwa mwingine, mchimbaji ana haki ya ujira wake, bali kitu chenyewe ni amana mkononi mwake. Na amana ina wenyewe: jirani akaaye juu ya ardhi ile, na mtoto ambaye bado hajazaliwa. Hata sheria ya Tanzania ya mwaka 2017 yasema kwamba maliasili ni ya wananchi, naye Rais ameishika kwa dhamana kwa niaba yao.

Anayemwamini Muumba hapati hapa ruhusa ya kulegea, bali hesabu iliyo nzito zaidi. Kwani aliyepewa amana ataulizwa.

Nawe, Ndugu Msomaji, huenda huna mgodi. Lakini akili, afya na nchi uliyoikuta, hukuviumba. Jiulize leo: katika hivyo, fungu la mwenzako liko wapi?