Nani Apishe Nani? Shofere, Mtu wa Kinga na Desturi ya Njia

Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mahari, matanga, majina ya watoto na heshima kwa wakwe. Safari hii tumechukua jambo ambalo wengine watasema si la desturi hata kidogo: namna shofere anavyomtendea mtu wa kinga. Kwetu sisi ni jambo la desturi kabisa. Wazee wetu hawakuwa na lami, lakini walikuwa na njia, na popote palipo na njia watu wanakutana, na mmoja lazima ampishe mwingine.

Tuanze na shofere mmoja tu, maana tukianza na «mashofere wa mjini» upande mmoja na «mashofere wa mugini» upande mwingine tutapotea mara moja. Mtu ni yule yule. Asubuhi anatoka Kikula na motokari yake. Hapo kinga ni nyingi: wanafunzi, wauza mikate, mafundi, mama amekaa nyuma na mtoto mgongoni. Wanapita kushoto, wanapita kuume, wanakata njia bila kuangalia. Shofere anapiga klaksoni, anatoa kichwa dirishani: «Weye! Hii njia ni ya baba yako?» Matusi ni mengi, lakini anaenda polepole. Mashimo yanamlazimisha, na watu wako kila mahali. Akimgusa mtu, watu watamzunguka kabla hajashuka.

Saa moja baadaye ameshika barabara kubwa, RN1, kuelekea Lubumbashi, kilomita 120 hivi. Hapa hatukani mtu. Kwa mbali anaona kinga, anapiga klaksoni moja ndefu, na maana yake wote tunaijua: sipunguzi mwendo, toka. Kisha siku ya posho anaenda kwa mama yake, anaacha lami na kuingia njia ya udongo. Sasa tazama. Anapunguza mwendo ili vumbi isimpate mtu. Anasimama, anateremsha kioo. «Mwapoleni, papa. Kwenu wazima?» Mwenye kinga naye anasimama, wanaulizana habari za mihogo na za wagonjwa, na pengine shofere anapakia gunia moja la yule mzee bila kuomba faranga.

Kwa hiyo tusiseme mjini watu wamepoteza heshima na mugini wameihifadhi. Mjini wanatukanana bila kuuana sana, na mugini wanasalimiana. Kifo kiko katikati, pale lami inapopita kati ya vijiji: nchi ni ya mugini, lakini mwendo ni wa watu wasiokuwa na habari na mugini. Pale hakuna kundi la kukuzunguka, wala hakuna anayemjua mama yako.

Ni nani anayepita na kinga katika barabara ile? Wengine wanaleta samaki kutoka upande wa Kapolowe na ziwa la Tshangalele, wengine unga, wengine nyanya. Lakini wengi ni watu wa makala. Anayewaona kila siku anaacha kuwaona, kwa hiyo tueleze kidogo. Magunia matatu au manne, marefu kuliko mtu, yamefungwa juu ya kinga ambayo fundi ameiongezea vyuma ili isivunjike. Midomo ya magunia imezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba. Penye mlima hapandi, anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani au kwenye fimbo iliyofungwa pale, bega limeegemea gunia. Penye mteremko anapanda na kushuka nayo, na breki mara nyingi ni kiatu chake mwenyewe juu ya tairi. Ametoka porini usiku ili afike sokoni mapema.

Na hawa si watu wa mbali. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, na kila familia ya Likasi inajua hiari ile ilikuwa ya namna gani. Tangu wakati ule watoto wengi wa kambi za kampuni wamejifunza kulima na kuchoma makala. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako karibu nasi, yanatoa umeme tangu wakati wa Wabelgiji, lakini migodi inakula kwanza, na sisi tunapika bukari juu ya makala. Hata shofere anapika hivyo. Kinga aliyoisukuma nje ya lami asubuhi, pengine jioni iko chini ya sufuria yake.

Sasa turudi kwa desturi. Wengi wetu tuliolelewa na babu na bibi tulifundishwa jambo moja la njia: mwenye mikono mitupu anampisha mwenye mzigo. Mtoto aliyekutana na mama aliyebeba mtungi akaendelea kusimama katikati ya njia alipigwa kofi, hata kama yule mama hakuwa wa kijiji chake. Hakuna aliyetueleza sababu. Ilikuwa vile tu.

Tuliposema neno hili katika mkutano wetu, mwenzetu mmoja anayeendesha kamiyo alicheka. Alisema: «Muzuri sana. Miye pia niko na muzigo. Tone makumi tatu. Ule wa kinga eko na kilo mia mbili. Basi, kufuatana na wazee wenu, nani apishe?» Watu walicheka pamoja naye, lakini kicheko kiliisha haraka, kwa sababu hoja ni nzito. Kamiyo iliyojaa haisimami pale unapotaka. Kwenye mteremko breki zikipata moto hazisikii tena. Kama sheria ya njia ni kwamba asiyeweza kugeuka asilazimishwe kugeuka, basi yeye ndiye asiyeweza. Akaongeza neno la pili: yeye analipa peaji, mtu wa kinga halipi kitu.

Neno la peaji tuliliacha upesi. Watu walikuwa wanapita hapo kwa miguu kabla ya kizuizi chochote kuwekwa, na pesa ile haijawatengenezea njia ya pembeni. Lakini neno la uzito lilitusumbua. Tulitafuta jibu na hatukulipata kwa wasomi wetu. Alilitoa mama mmoja mzee aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake na ambaye tulidhani amesinzia. Alisema: «Hatukuwa tunaangalia uzito. Tulikuwa tunaangalia shingo.»

Tulimwomba aeleze. Mtu aliyebeba mtungi kichwani, alisema, hageuzi shingo. Haoni nyoka, haoni shimo, haoni nani anakuja kwa ubavu. Mzigo umemnyang'anya shingo. Ndiyo maana wewe mwenye shingo yako unaona kwa niaba yake na unatoka njiani.

Toka siku ile tunaona barabara kwa namna nyingine. Mtu wa makala hana shingo. Akigeuka nyuma kutazama kamiyo, kinga inageuka naye na magunia yanamvuta chini. Anasikia tu. Lakini shofere, hata akiwa na tone 30 au 40, mzigo wake haumkai mwilini. Amekaa, ana kioo cha mbele, ana vioo vya pembeni, na juu kule alipo anaona mbali kuliko mtu yeyote barabarani. Uzito wake ni kweli, na kweli hawezi kusimama ghafula. Kwa hiyo wajibu wake unaanza mapema: si hatua kumi kabla ya kinga, bali pale anapoiona mara ya kwanza, mita mia tatu au mia nne, mguu ukiwa bado una nafasi ya kuacha mafuta. Hata njiani zamani mtu hakungoja agongane na mtungi ndipo apishe.

Kuna mithali ya Kiswahili inayosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ilitoka pwani pamoja na lugha. Shofere anapoona magunia yanatikisika mbele yake, anaona kitu kinachoweza kusogezwa kirahisi: si atoke tu kidogo? Hajui kwamba ukingo wa lami uko juu ya udongo, pengine kwa urefu wa kiganja, na gurudumu likianguka pale kinga yote inalala. Makala yanavunjika na bei inaanguka. Na kuinua kinga ile mtu mmoja hawezi. Atasubiri kando ya njia mpaka mwenzake mwingine wa makala apite, maana motokari hazisimami.

Yule mwenzetu wa kamiyo tulimwuliza pia: kule kwa mama yako, kwa nini unasimama? Alijibu bila kuficha: «Kule banajua jina yangu.» Na katika kijiji kingine kisichokuwa chako? «Napita.» Tunamsifu kwa ukweli wake, lakini jibu lile lilitufanya tufikiri. Kama ninampisha mtu kwa sababu anamjua mama yangu, sijampisha yeye, nimelinda jina langu. Ni vizuri, tusidharau. Haya imeokoa watu wengi. Lakini haya haifiki kilomita ya 60, mahali ambapo wote ni wageni. Na desturi ya mzigo haikuwa ya ndugu peke yao. Shaba na chumvi za nchi hii zilibebwa kichwani na begani miaka mingi kabla ya reli, zikapita mikononi na nchini mwa watu wasiojuana, mpaka Bunkeya kwa Msiri, aliyeuawa mwaka 1891, na mbele zaidi. Kwa ndugu tulikuwa na salamu za ndugu. Kwa mgeni tulikuwa na sheria ya njia. Leo tumebaki na salamu, na sheria tumeiacha.

Wengine watasema kazi hiyo ni ya serikali. Tuna kanuni ya barabara, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na mwenye kinga yumo ndani yake kama mtumiaji wa barabara, si kama mbuzi aliyepotea. Ubelgiji kwenyewe walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1994 waliweka sheria kwamba anayetembea kwa mguu au kwa kinga akiumizwa na motokari, bima ya motokari inamlipa majeraha yake bila kungoja kuamua kosa ni la nani. Wanawaita watumiaji dhaifu. Inatushangaza kidogo kwamba wao walihitaji bunge kusema jambo ambalo bibi zetu walilisema kwa kofi. Lakini bima inafika baada ya mtu kuanguka. Sisi tunaulizia dakika ile iliyo kabla.

Na hapa hatuwezi kujificha nyuma ya mashofere. Miaka michache iliyopita tulikuwa ndani ya taksi-basi tukirudi kutoka Lubumbashi, jua linashuka. Mbele kulikuwa na mtu wa makala akisukuma kwenye mlima, na kamiyo inakuja upande wa pili. Shofere wetu hakupunguza. Klaksoni, upepo, na kinga ikatoka kwenye lami. Tuligeuka na kuona magunia yamelala katika majani na mtu amesimama, mikono kiunoni. Mmoja wetu alisema: «Haiko kitu, hakufa.» Hakuna aliyesema «simama». Tulikuwa watu kumi na zaidi ndani, wengine walimu, wote na shingo nzima, na nusu saa kabla tulikuwa tumemlalamikia shofere kwamba anachelewa. Yeye alikimbia kwa ajili yetu. Usiku ule nyumbani tulisikia bei ya makala imepanda tena, na tulinung'unika.

Lakini kuna jambo moja ambalo mwenzetu wa kamiyo alitushinda nalo, na tunaliandika wazi. Usiku wa giza, kinga haina taa, magunia ni meusi, lami ni nyeusi. Mwenye shingo anaona nini? Hapo mtu wa makala naye ana deni, na kipande cha bati au cha kioo nyuma ya gunia hakizidi uwezo wake. Tulikubaliana naye.

Mwezi uliofuata alirudi mkutanoni. Alisema alijaribu, safari moja tu ya mchana, kutoka Likasi mpaka Lubumbashi: kila kinga aliyoiona kwa mbali aliacha mafuta, akangoja nafasi, akapita kwa upana. Watu wawili walimpungia mkono, jambo ambalo halijampata katika barabara ile. Alifika amechelewa nusu saa. Bosi wake hakuuliza habari ya kinga. Aliuliza ile nusu saa imeenda wapi.