Muda wa Kukaa

Masomo: Luka 10:38–42, Yohana 12:1–8



Harufu ya ndizi mbivu huwezi kuikosea hata ukifumba macho. Sisi wa Bukoba tumekua nayo: ndizi zikivundikwa kwa ajili ya rubisi, pombe ya ndizi, hazipiti siku nyingi kabla jirani hajajua. (Rubisi yenyewe msiniulize, mimi ni mchungaji.) Sehemu kubwa ya harufu hiyo ni kitu kimoja, wanakemia wanakiita isoamili asetati. Nisingelijua jina hilo kama si binti mmoja wa usharika wetu anayesoma kemia ya viwandani. Alipokuja likizo alinionyesha kwenye simu video ya jinsi harufu hiyo inavyotengenezwa maabara. Nilitegemea mtambo wa kutisha. Kumbe ni bomba la kioo, unene wake kama kidole gumba, limejazwa punje nyeupe ndogo mithili ya chenga za mchele. Juu kuna mpira unaotoka kwenye pampu. Chini kuna chupa, na tone linadondoka, likafuata jingine.

Punje hizo zimeshikizwa kimeng'enya kiitwacho lipesi, ambacho asili yake ni aina ya hamira iliyopatikana Antaktika. Kazi ya lipesi tunaijua tumboni: kwa msaada wa maji inakata mafuta tuliyokula. Lakini ukiinyima maji inageuka, inaanza kuunga. Kwa hiyo juu ya bomba wanaingiza asidi ya siki pamoja na alkoholi inayopatikana katika mabaki ya mitambo ya kukeneka pombe, mabaki ambayo binti anasema uvundo wake hautoki kwenye nguo hata ufue mara mbili. Chini inatoka harufu ya ndizi. Kanuni namba 1334 ya mwaka 2008 ya Umoja wa Ulaya inairuhusu kuitwa asilia, mradi malighafi zimetokana na viumbe hai na kazi ya kuunga imefanywa na kimeng'enya. Ukiviunga vitu vilevile kwa kuvichemsha na asidi kali, unapata molekuli ileile, ila jina hilo hulipati.

Kimeng'enya chenyewe hakiondoki na tone. Kimebaki kwenye punje yake, kinasubiri linalofuata. Si kwamba hakichoki. Joto likizidi au siki ikiwa kali mno kinadhoofika, na punje hubadilishwa. Wainjilisti wenzangu ambao hamjachukua likizo tangu mwaka juzi, mmesikia.

Nikamuuliza binti, mbona msiongeze kasi ya pampu mpate nyingi zaidi? Akacheka. "Baba Mchungaji, tukisukuma haraka, kilichoingia ndicho kinachotoka." Akanieleza kwamba kuna kipimo wanachokiita muda wa kukaa, yaani muda ambao tone linakuwa katikati ya punje kabla ya kutoka. Tone lililopita mbio limepita humohumo, limegusa punje zilezile, na bado linanuka mabaki ya pombe.

Nilirudi nyumbani nikafungua Luka 10. Somo la Martha na Mariamu nimelihubiri mara nyingi, na mara nyingi nimemtetea Martha, maana wote tukiketi miguuni pa mgeni, mgeni atalala njaa. Akina mama wa jikoni pale usharikani wananiunga mkono. Lakini safari hii niliendelea hadi Yohana 12. Ni dada walewale, na Martha bado anahudumu mezani, Mungu ambariki. Anayeingia na ratili ya nardo safi ni Mariamu, yule aliyekuwa ameketi. Manukato ya dinari 300, karibu ujira wa kibarua kwa mwaka mzima, anayamimina miguuni palepale alipokuwa amekaa siku ile, na harufu inaenea nyumba nzima. Yuda anapiga hesabu. Miaka yote nimesoma sura hizo mbili kama habari mbili tofauti.

Kuna jambo jingine binti alilonieleza ambalo limenikosesha usingizi. Kila harufu inapoungwa, maji kidogo huzaliwa pamoja nayo. Yasipoondolewa yanajikusanya kwenye punje, na lipesi, ikishaonja maji, inarudia tabia yake ya zamani: inakata kile ilichokuwa imeunga. Hakuna adui aliyetoka nje. Maji yametokana na kazi yenyewe iliyokuwa ikienda vizuri. Nimeona kwaya ikiimba vizuri mpaka ikarekodi albamu, na albamu ndiyo ikaivunja. Nimeona pia mchungaji aliyesifiwa sana, nami nilimjua kwa karibu kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu nilikuwa nikimnyoa ndevu kila asubuhi.

Sasa tuje kwetu. Ibada ya kwanza inakwisha saa tatu kasorobo. Kufikia saa tatu kamili uwanja ni mweupe, zimebaki alama za pikipiki na watoto wawili waliosahauliwa na shangazi yao. Ibada ya pili inaanza saa nne. Kuna zaidi ya saa nzima hapo katikati ambayo hatuitumii kwa lolote.

Jumapili hii, baada ya baraka, sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nitakuwa benchi la mbele, upande wa kushoto, na Biblia ikiwa wazi kwenye Yohana 12. Njoo ukae. Chai itakuwepo, na safari hii nimewaomba wanaume waichemshe.