Ingia Kabla Njia Haijaota Nyasi

Unajua. Ndiyo, wewe unayesoma, unajua!

Unajua kuna mahali panakuita. Unajua moyo umechoka na makelele, macho yamechoka na simu, ulimi umechoka kusema maneno yasiyo na uzito. Umejua tangu lini? Na bado jibu lako ni lile lile: kesho. Nikimaliza mkopo. Watoto wakifunga shule. Mvua zikipita.

Acha! Hiyo kesho imeshakula miaka mingapi ya umri wako?

Sina habari mpya ya kukuletea. Nimekuja kukuvuta shati tu, maana umesimama kizingitini muda mrefu mno, na milango hufungwa.

Tazama pwani ya Kenya, kuanzia Kwale hadi Kilifi. Huko Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe na Waribe, wana misitu yao inayoitwa makaya. Si misitu mikubwa. Ni vipande vya kijani kilichokolea, juu ya vilima na kando ya bahari, katikati ya minazi, mikorosho na mahindi. Ndani yake mababu walijenga vijiji vyenye maboma kuanzia karne ya 16. Wakafukia fingo la kuwalinda, wakazika wafu wao, wakaomba mvua. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehama, wakafuata mashamba. Nyumba zikaoza. Miti ikabaki.

Na kwa nini ilibaki? Hapo ndipo ninapotaka usikie kwa masikio yote mawili!

Haikulindwa na seng'enge. Haikulindwa na askari. Haikulindwa na kibao cha serikali. Ililindwa na watu waliokubali kunyimwa. Usikate mti. Usivunje tawi. Usitoke humo hata na kijiti kikavu. Fikiria mama aliyehangaika na kuni maisha yake yote: kuni zimelala pale, hatua chache kutoka jikoni kwake, kavu, za bure, na hazigusi!

Mahali patakatifu hufanywa hivyo. Watu wanaamua kutopachukulia kitu, na wanaukubali uchungu wa uamuzi huo, kizazi baada ya kizazi.

Wewe umezoea swali moja tu: huko nitapata nini? Nitapumzika? Nitapona? Nitapata picha nzuri? Geuza swali! Sema, upo tayari kuacha nini bila kukigusa?

Nenda Kaya Kinondo, kusini ya Diani, kwa Wadigo. Kabla hujaingia utafungwa kaniki kiunoni. Utaambiwa usichume, usivunje, usibebe. Mtalii aliyetoka Ulaya, mwenye pesa za kulala hoteli yoyote ya ufuo ule, anavaa kaniki yake na anatii. Na wewe? Wewe mwenye nchi, mwenye lugha, mwenye makaburi ya wazazi huko, unapita ndani ya matatu ukielekea Ukunda na macho yako yako kwenye kioo cha simu!

Usidhani pana muda. Hapana!

Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya makaya katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wakapiga vigelegele. Mwaka 2009 shirika lilo hilo likaziweka desturi za makaya katika orodha nyingine: ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Soma tena tarehe hizo! Mwaka mmoja tu ulipita kati ya shangwe na kilio. Miti ilipata cheti, na wenye kuijua miti walikuwa wanakwisha.

Wanakwisha vipi? Wengine ni umri. Wengine ni panga. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukifunua tuhuma unakuta shamba linalogombewa. Wapo wazee wanaopaka mvi zao rangi nyeusi ili wasionekane ni wazee. Umesikia? Kichwa chenye mvi kilikuwa ndicho kinachojua njia ya kuingia kaya, jina la kila mti, maneno ya kuombea mvua. Leo kichwa hicho kinajificha ndani ya rangi ya dukani!

Na msitu wenyewe unamegwa pembeni. Huku tanuri la mkaa. Huku chimbo. Huku kiwanja ambacho hati yake haijulikani ilitoka ofisi gani. Unaisha kama sabuni ya kuogea: hakuna siku hata moja uliyoiona ikipungua, na ghafla unashika maji.

Hivyo hivyo ndivyo unavyoisha wewe. Hukuamka siku moja ukaamua kuacha kusali. Hukuapa kwamba hutatembea tena peke yako. Hukuutupa ule wimbo uliokuwa ukiutunga. Uliahirisha. Ukaahirisha. Ukaahirisha!

Wangari Maathai alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Pembeni yake palikuwa na kijito, na mtoto yule alicheza humo na mayai ya vyura. Akaenda kusoma Marekani. Aliporudi, alikuta mugumo umekatwa, mahali pake pamepandwa chai, na kijito kimekauka. Akaja kuelewa kwamba ile mizizi ndiyo iliyokuwa ikishika ardhi na kuyapandisha maji. Katazo la mama lilikuwa limeshika chemchemi nzima! Lakini yeye hakuishia kulia. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti ambayo dunia inaijua, na Januari 1999 alipigwa hadi damu ikamtoka kichwani alipokwenda kupanda mti msitu wa Karura. Wewe umepigwa na nini? Na usingizi?

Rudi nyuma zaidi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaita Wagiriama wakatae kodi, wakatae kupelekwa kazi za kulazimishwa, wakatae kuwapa Waingereza vijana wao. Hakuwa na bunduki. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na ngoma ya kifudu, alikuwa na ulimi, alikuwa na mahali! Waliapa Kaya Fungo, na kiapo kikashika. Waingereza wakamkamata, wakampeleka Kisii; yeye akatoroka, akarudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti.

Jiulize: nani anapoteza baruti kulipua miti na vumbi? Adui aliijua nguvu ya mahali pale. Aliamini zaidi yako!

Na leo hahitaji baruti. Kazi umeichukua mwenyewe. Asubuhi unaanza na habari za vifo kabla hujaosha uso. Mchana makundi ya WhatsApp. Usiku video moja, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka adhana ya alfajiri inakukuta macho mekundu. Hakuna kikosi kilichotumwa kwako. Umejivamia!

Nakusikia. Unanong'ona: huo ni ushirikina, mimi ni mtu wa dini.

Vema! Shika dini yako. Ila isome hadi mwisho. Musa aliambiwa avue viatu wapi? Nyikani, nyuma ya mifugo. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijitenga wapi kabla wahyi haujamjia? Katika pango la Hira, mlimani. Yesu aliamka alfajiri na giza akaenda kuomba wapi? Mahali pasipo watu. Na itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani ni nini, kama si kuukataa ulimwengu kwa siku chache ili usikie? Wadigo walio wengi ni Waislamu, na Kaya Kinondo bado imesimama. Sikuambii uabudu mti. Nakuambia uache kujificha nyuma ya dini ambayo nayo inakuita utoke nje!

Dini haikukuzuia. Ni uvivu, umevaa kanzu, au joho la kwaya.

Sasa nataka mikono yako, kwa sababu wengi mnadhani kutafuta utulivu ni kukaa tu na kufumba macho. Mikono nayo inaomba.

Wagiriama wa chama cha Gohu, akifa mwenzao, humsimamishia kigango: nguzo ya mti mgumu, bapa, yenye kichwa cha mviringo, imejaa pembetatu zilizokatwa moja moja kwa ncha ya chuma. Hakichongwi ili kiuzwe. Hakichongwi ili kisifiwe. Hakihamishwi. Watu wakihama, kigango kinabaki pale pale mpaka mchwa na mvua vikimalize. Nani kati yetu ana ujasiri huo, wa kufanya kazi nzuri kiasi kile na kuwaachia mchwa?

Wezi hawakuwaachia mchwa. Waliving'oa usiku kwa mamia, vikauzwa, vikaishia sebuleni kwa matajiri na katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2014 jumba moja la makumbusho mjini Denver lilikubali kurudisha vigango 30. Heri yao kwa kurudisha. Lakini vingi vya namna hiyo havijulikani viling'olewa boma gani, kwa mzee gani, kwenye shimo lipi. Kigango kinarudi Kenya, hakirudi kwao! Ukiondolewa mahali pako muda mrefu, kurudi kwenyewe kunakuwa mtihani. Unaelewa sasa kwa nini nakuhimiza leo?

Basi chukua kisu. Chukua ukili. Chukua udongo, kalamu, kayamba! Tengeneza kitu ambacho hutakiuza, hutakipiga picha, hutakituma kwa mtu. Suka, chonga, andika, mpaka ule wasiwasi utafute mtu mwingine wa kumsumbua. (Na usiniambie huna kipaji. Mchwa hawaulizi kipaji.)

Utasema huna msitu. Uko ghorofa ya nne Kariakoo. Uko chumba kimoja Kibera. Uko Doha, kitanda cha juu, watu sita chini ya feni moja. Nakuheshimu, lakini sikuachii! Chagua mwembe ulio nyuma ya msikiti. Chagua kipande cha ufuo ambacho bado hakijajengewa ukuta. Chagua kiti kimoja karibu na dirisha, na mrehani kwenye kopo la maziwa. Kisha weka mwiko. Hapa sigombani. Hapa sihesabu pesa. Hapa simu haifiki. Mwambie mkeo, mwambie mumeo, waambie watoto, nao wakukemee ukivunja. Kwenye kaya anayevunja mwiko hutozwa kuku au mbuzi wa kutakasa. Wewe nawe jitoze! Mwiko usiouma haulindi kitu.

Siku ya kwanza utachoka. Ya pili utajiona mjinga. Ya tatu mbu watakung'ata, jirani atakucheka, na kichwani patakujia madeni yako yote, moja moja, yamepangwa. Kaa! Usiondoke! Hayo ndiyo yaliyokuwa yakikufukuza miaka yote hii, na sasa yamekuta umekaa.

Tena usiende kaya za watu kama mwenye haki ya kila kitu. Omba ruhusa. Wazee wapo, mlango una mwenyewe. Vaa unachoambiwa kuvaa, nyamaza unapoambiwa nyamaza, lipa kinachotakiwa, na toka mikono mitupu. Ukiwa wewe ni Mmijikenda na hujawahi kukanyaga kaya ya ukoo wako, nasema nawe kwa sauti kubwa zaidi: unangoja nini? Unangoja mzee wa mwisho azikwe ndipo uje kuuliza alikuwa anapita wapi? Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Umeimba mithali hiyo tangu darasa la tatu, na bado unachelewa!

Bibi yako yu hai? Babu yu hai? Mpigie. Muulize ni mti gani haukukatwa kwao, na nani aliyekataza. Muulize ni maji gani hayakuchotwa jioni. Muulize walikuwa wakiimba nini walipokuwa wakitwanga. Andika kwa mkono. Usikatize. Akirudia habari ile ile mara ya pili, mwache arudie!

Usiniambie Jumapili. Usiniambie likizo. Usiniambie ukistaafu. Simu unayo mkononi, namba unayo, jua bado halijazama. Piga sasa. Akishakata, izime, iache mezani, uondoke!