Kwa Mwanangu Anayeanza Uuguzi Ndalambo

Mwanangu, umeniuliza kama mtu anaweza kumcha Mungu na bado akafanya kazi hii. Umeuliza umesimama, ufunguo wa pikipiki mkononi. Kaa kwanza. Hili si la kuongelea mlangoni.

Utawapokea wasichana usiku. Mmoja atakuja amejifunga kanga mbili, zote zimelowa damu, midomo imepauka, na shangazi yake atakwambia kaanguka kisimani. Usibishane na shangazi. Pima presha, weka dripu, mfunike, umuulize jina kwa sauti ya chini. Mengine yatasubiri.

Mimi sikusubiri. Wa kwangu nilimhoji kwanza: umekunywa nini, kakupa nani, mwanaume ni nani. Niliogopa, mwanangu. Kanuni ya Adhabu inatoa hadi miaka 14 kwa anayemtoa mtu mimba, na 7 kwa mwanamke mwenyewe. Nilidhani hata kumgusa ni kushiriki. Akageukia ukutani, hakunijibu tena. Alipona, lakini alitoroka kabla hakujakucha, na wasichana wa kijiji chao wakaacha kuja kwetu. Watafiti walikadiria mimba 405,000 zilitolewa nchini mwaka 2013; wengi wa waliopata madhara hawakutibiwa katika kituo chochote. Nadhani najua sababu mojawapo.

Kumtibu ambaye mimba imeshaharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, ni huduma halali, na wauguzi wanafundishwa. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu nacho kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa uhai wa mama. Kisome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa na wenzio wakati wa chai.

Lakini usiegemee sheria peke yake. Vuka mpaka hapo Tunduma uingie Nakonde: Zambia inaruhusu kutoa mimba tangu mwaka 1972, kwa sababu zilizotajwa, madaktari watatu wakitia sahihi. Kenya waliandika lao katika Katiba ya 2010. Sisi Watanzania tuliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, inayotaja hata mimba ya kubakwa, na Kanuni ya Adhabu ikabaki ilivyo. Dhamiri ukiifunga kwenye sheria, itayumba kila Bunge likikaa.

Kanisani ndiko nilikoumia zaidi. Mchungaji alihubiri habari za Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania kule Misri waliomcha Mungu wakakataa kuua watoto. Nikahisi ananisema mimi. Ilipofika Meza ya Bwana nikabaki kwenye benchi, na Jumapili nyingine vivyo hivyo. Usiku nilikuwa nashtuka. Watoto wangu niliwafokea bila kosa. Sikumwambia mtu, maana siri ya mgonjwa haitoki, na maumivu yangu nayo nikayafungia humo humo.

Siri ni ya mgonjwa, mwanangu. Uchovu ni wako, una ruhusa ya kuusema. Mwishowe nilimwendea mama mmoja, muuguzi mstaafu, nikamweleza bila kumtaja mtu. Hakunihubiria. Aliuliza tu, "Yule binti yu hai?" Nikasema yu hai. Akasema, basi tumwombee yeye, halafu tukuombee wewe. Siku nyingine akanikumbusha kwamba Shifra na Pua nao walikuwa na mfalme wa kuogopwa, na bado walikwenda walikoitwa.

Sikuwa mwepesi kesho yake. Ilichukua miaka, na yapo maswali ambayo mpaka leo nampelekea Mungu. Usimwamini anayekwambia kutoa mimba ni jambo dogo. Aliyewahi kubeba beseni la damu hasemi hivyo. Usimwamini pia anayekwambia binti aliyelala pale si wa Mungu.

Ukitoka zamu ya namna hiyo, usiende kulala kimya. Pita kwangu, hata iwe alfajiri, nitachemsha chai. Na kabla binti hajaondoka, zungumza naye kuhusu uzazi wa mpango, maana damu ikishakata watu hulisahau hilo. Mwandikie tarehe ya kurudi. Kadi umpe yeye mkononi, si shangazi.